Motokari yako inavuta kilo ngapi? Usiulize moteri peke yake

Simama asubuhi kando ya Route Nationale 1, pale inapotoka Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi, utaona kila namna ya kuvuta. Land Cruiser ya kampuni inapita pole pole na kompresere mpya nyuma yake. Kisha inakuja Hilux ya zamani, na remorke iliyosudewa mutaani. Juu ya remorke kuna motopompe, mabomba, mifuko ya unga, godoro mbili, na vijana watatu wamekalia mizigo kama wako kwenye kiti cha nyumbani. Nyuma kabisa, taxi ndogo inavuta taxi nyingine kwa kamba ya nailoni. Siku nyingi, zote zinafika.

Ile "siku nyingi" njo inadanganya watu. Mutu akivuta tani mbili mara kumi na hakuna kilichoharibika, anasema motokari yake inaweza tani mbili. Hajui kama ambreyaje imekwisha kuungua nusu, shasi imeanza kupasuka pale kroshe inapofungwa, na freni zimefanya kazi ya motokari mbili. Mara ya kumi na moja, mvua imenyesha, mbuzi anakata njia, njo hesabu inaletwa.

Tunaandika habari hii juu ya ekipe za wachimbaji na familia zao, kwa sababu siku hizi ekipe nyingi hazitaki tena kukodisha. Watu kumi wanatia makuta kwenye likelemba, mwaka mmoja, miaka miwili, ili wanunue pick-up yao wenyewe ya kubeba grupe, kompresere na pompe ya kutoa maji shimoni. Ile pick-up ni makuta ya shule ya watoto, makuta ya nyumba ya matofali ambayo haijajengwa bado. Na mbele ya muuzaji, ulizo wanaloliuliza ni moja tu: "Inavuta ngapi?" Muuzaji naye jibu lake ni moja: "Hii? Inavuta kila kitu."

Hakuna motokari inayovuta kila kitu. Kila moja iko na namba zake, na fundi aliyeitengeneza kiwandani amekwisha kuziandika.

Namba ziko wapi

Fungua mulango wa shofere, ao inua kapo ya moteri. Utaona kibati kidogo cha chuma, ao karatasi iliyobandikwa. Motokari iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya iko na mistari minne ya kilo kwenye kile kibati. Wa kwanza ni PTAC: uzito wote wa motokari ikiwa imejaa, yaani chuma chake, mazutu, watu, mizigo, kila kitu. Wa pili ni PTRA: motokari iliyojaa pamoja na remorke iliyojaa. Ya tatu na ya nne ni uzito ambao ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma zinaruhusiwa kubeba. Motokari zilizopita Afrika ya Kusini, mara nyingi utakuta herufi GVM pahali pa PTAC, na GCM pahali pa PTRA. Maana ni ile ile.

Toa PTAC kwenye PTRA. Kilo zinazobaki ni zile unazoweza kuvuta hata kama motokari yenyewe imejaa mpaka mwisho. Hesabu ya darasa la nne, lakini ni watu wachache wanaoifanya mbele ya kutoa makuta.

Motokari nyingi za okazyo zinazotoka Japani hazina mistari ile. Hapo inabaki kitabu cha motokari, na mara nyingi kimepotea zamani, ao kiko katika maandishi ya Kijapani ambayo hapa kwetu hakuna wa kuyasoma. Andika jina la modeli, namba ya shasi na aina ya moteri, upeleke kwa mutu anayeuza vyombo vya ile marke, ao umwombe kijana wa familia aliye na simu nzuri atafute kitabu chake. Usikubali namba ya modeli nyingine "inayofanana". Hilux ya moteri ya esansi na Hilux ya mazutu, ya ponti moja na ya 4x4, hazina namba moja.

Utasikia pia ile namba kubwa ambayo wauzaji wanaipenda sana: kilo 3500. Ni kweli, Hilux mupya ya 4x4 ao Ford Ranger inaweza kuandikiwa kilo 3500. Lakini ile namba iko na masharti mawili ambayo hayasemwi kwa sauti. Remorke iwe na freni zake yenyewe. Na PTRA isipitwe. Maana yake, ukivuta zile 3500 zote, mara nyingi ndani ya pick-up hakubaki nafasi ya watu watano na mizigo nyuma. Kwa remorke isiyo na freni, zile zile motokari zinaandikiwa kilo 750 tu.

Soma tena: 750. Sasa angalia remorke za kwetu, zilizotengenezwa na ekseli ya motokari iliyokufa. Ni ngapi ziko na freni?

Hesabu ya ekipe moja

Tuchukue mufano. Hizi namba ni za kujifunza tu, wewe utaweka zile za kibati chako. Pick-up ya kabine mbili ikiwa tupu iko kilo 2000. PTAC yake ni 3000, PTRA ni 5500, na muuzaji anasema inavuta 3000. Ekipe inataka kuenda nayo karyere, kilometre mia moja na kitu.

Ndani kuna shofere na watu wane: watu watano kwa kilo 70, ni 350. Nyuma wamepakia fito mbili za mazutu za litre 200. Mazutu ni mepesi kupita maji kidogo, kwa hiyo kila fito iko na kilo 170 za mazutu na karibu 20 za chuma chake: zote mbili ni 380. Vyombo vya kazi, minyororo, mupira wa akiba na vyakula, tuseme 150. Jumla ya vile vyote ni 880. Motokari imekuwa 2880. Chini ya 3000, kila mutu anafurahi.

Remorke tupu ni kilo 450. Grupe ni 800, motopompe na mabomba 250, tangi ya maji ya litre 500 ni kilo 500. Jumla 2000. Muuzaji alisema 3000, sawa? Na PTRA: 2880 na 2000 ni 4880, haifiki 5500. Shofere anawasha moteri.

Lakini remorke haifuati tu nyuma, inalalia pia kroshe. Kwa kawaida, remorke iliyopakiwa vizuri inaweka karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake juu ya bule. Sehemu ya kumi ya 2000 ni kilo 200, na zile kilo 200 zinabebwa na pick-up, nyuma kabisa, mbali na ekseli. Sasa pick-up haiko tena 2880, iko 3080. PTAC imepitwa na kilo 80, na ekseli ya nyuma ndiyo inalia zaidi, kwa sababu bule ikiwa mbali nyuma ya mipira inakanyaga nyuma na kuinua mbele, kama watoto kwenye ubao wa kupanda na kushuka. Volani inakuwa nyepesi. Taa zinaangaza juu ya miti. Lame za nyuma zinalala.

Ondoa fito moja ya mazutu, hesabu inakaa: 2890. Fito moja tu! Ama watu wawili wapande bisi na wafike mbele ya wenzao, kilo 140 zimeshuka. Hayo njo maamuzi ambayo ekipe inaweza kuyafanya asubuhi, mbele ya kutoka, bila kulipa hata franga moja.

Na tusisahau: ile remorke ya kilo 2000 bila freni, hesabu yote haina maana. Ni hapana tangu mwanzo.

Juu ya uzito, usiamini macho. Mufuko mmoja ambao ukijazwa mahindi unabebwa na kijana moja bila kupumua, ukijazwa malakite unataka watu wawili. Jiwe la malakite ni zito karibu mara ine kuliko maji ya ukubwa ule ule. Tangi ya plastiki ya pembe ine, ile yenye fremu ya chuma, ikijaa maji ni litre 1000, basi tani moja na zaidi. Simenti ni rahisi, mufuko ni kilo 50. Grupe na kompresere ziko na kibati chao, uzito umeandikwa. Kompresere ndogo ya kuvutwa iko mara nyingi kati ya kilo 700 na 1000. Vingine peleka kwenye mizani ya depo. Ile mizani ya depo, kila muchimbaji anajua magomvi yake, lakini kwa kazi hii hata ikikosea kilo kumi hatutapigana.

Mulima hauna huruma

Kwenye njia sawa, hata motokari dhaifu inaweza kusukuma tani ine ikiendelea pole. Njo sababu watu wanadanganyika mujini. Njia ya Likasi iko na vilima, na njia za udongo zinazoingia karyere ziko mbaya kuliko hiyo. Ukipanda mulima ambao kila metre 100 unainuka metre 10, sehemu ya kumi ya uzito wote inakuvuta nyuma. Kwa ekipe yetu ya kilo 4880, ni kama mutu ameweka nguvu ya karibu kilo 490 kwenye kamba na anavuta upande mwingine. Ukishuka ule mulima, ni zile zile 490 zinakusukuma mugongoni.

Tena, tuko juu. Lubumbashi iko karibu metre 1200 juu ya bahari, Kolwezi inapita 1400. Hewa ya huku ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza nguvu. Kwa kipimo cha mafundi, karibu sehemu moja ya mia kila metre 100. Moteri ile iliyoandikwa farasi 130 kwenye kitabu, Kolwezi inabaki na 110 na kitu. Turbo inasaidia sana hapa, kwa sababu inajilazimishia hewa.

Kupanda kukishindikana, unasimama, unatia shiki chini ya mipira, unapunguza mizigo. Ni haya kidogo, lakini watu wazima. Kushuka njo kunaua. Shofere anaweka vitese kubwa ili aokoe mazutu, anakanyaga freni kutoka juu mpaka chini, freni zinapata moto, zinanuka, pedali inazama kama iko katika matope. Dawa ni ya zamani: vitese uliyopandia, ni ile ya kushukia, na mara nyingi ndogo zaidi. Iweke ukiwa bado juu, mbele ya kuanza kushuka. Acha moteri ishike motokari, freni zisaidie kidogo kidogo.

Na mbio? Mutu akitoka 40 kwa saa akafika 80, hakuzidisha kazi ya freni mara mbili, amezidisha mara ine. Kwa remorke, 60 inatosha kwenye lami nzuri. Wenye haraka waondoke saa moja mbele.

Remorke nayo ichunguzwe

Watu wanabishana miezi sita juu ya pick-up, kisha wananunua remorke kwa dakika kumi. Mimi ningefanya kinyume.

Angalia mipira yake. Pembeni ya kila mupira, kisha ukubwa wake, kuna namba ndogo na herufi, sawa 91T ama 106Q. Ile namba ni uzito ambao mupira mmoja unaweza kubeba: 91 ni kilo 615, 100 ni kilo 800, 106 ni kilo 950, 112 ni kilo 1120. Rudia kwenye remorke ya ekipe yetu. Kilo 200 zinalala kwenye bule, 1800 zinabaki juu ya mipira miwili: 900 kila moja. Mipira ya kawaida ya motokari ndogo, ile ya 91, haifai kabisa. Itapasuka kwenye jua la mwezi wa kumi, na si upepo wa mulozi. Inahitaji mipira ya kamyoneti, yenye herufi C kisha ukubwa wake, na 106 kwenda juu. Ao ekseli mbili.

Mizigo mizito ikae juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Ukiweka grupe nyuma kabisa, kwa sababu ni rahisi kuishusha, bule inainuka na remorke inaanza kucheza kama mukia wa mbwa. Ikianza kucheza, usipige freni kwa nguvu na usijaribu kuishinda kwa volani. Toa muguu kwenye akselere, shika volani sawa, acha mwendo uanguke wenyewe. Kisha simama pembeni na upange mizigo upya, kwa maana ikicheza mara moja itacheza tena.

Bule na kikombe chake vilingane. Kwenye bule kuna ukubwa umeandikwa, nyingi ni milimetre 50. Kikombe kilichokula sana kinaruka kwenye shimo la kwanza. Minyororo miwili ipite chini ya kroshe kwa kupishana, mufano wa msalaba, ili remorke ikichomoka pua yake iangukie minyororo badala ya lami. Taa za nyuma zifanye kazi. Usiku, kamyo inayokuja mbio nyuma yako haiwezi kujua kama kuna remorke katika vumbi.

Watu juu ya remorke: hapana. Tunajua sababu zake, bisi ni makuta, njia ni ndefu. Lakini remorke haina amortisere za mutu, haina kitu cha kushika, na ikipinduka, grupe ya kilo 800 haichague upande wa kuangukia. Mama ambaye mutoto wake anatoka kazi hivyo kila juma ana haki ya kugomba.

Sasa, motokari gani?

Nguvu ya farasi ndiyo inaandikwa kwa herufi kubwa, lakini ya kuvuta ni couple, yaani nguvu ya kuzungusha mipira, hasa moteri ikiwa bado inaenda pole. Kisha shasi, freni, uzito wa motokari yenyewe na urefu wake. Motokari fupi na nyepesi inayovuta remorke nzito ni mutoto anayeongoza ngombe. Ngombe akiamua, mutoto anafuata.

Kwa hiyo zile RAV4 na ndugu zake, hata kama nyuma zimeandikwa 4x4, ni motokari za familia. Hazina shasi ya ngazi, body yenyewe njo shasi. Remorke ndogo ya mizigo ya soko, sawa. Kompresere, acha.

Land Cruiser ya aina ya 79, pick-up ile ambayo karibu kila karyere inaijua, na moteri ya 4,2 bila turbo, haiko na couple ya ajabu: 285 kwa kipimo cha Newton-metre. Hilux mupya ya mazutu ya 2,8 inapita 400. Kwa karatasi, Hilux inashinda mbali, na kwa mulima wa lami inashinda kweli. Lakini Land Cruiser ni nzito, shasi na ponti zake ni za kazi, na ile moteri ya zamani inavumilia mazutu mabaya. Moteri mpya za sindano za shinikizo kubwa hazipendi maji wala uchafu katika mazutu. Kama ekipe yako inanunua mazutu kwa ba kadafi, katika vidumu, kando ya njia, fikiri mara mbili: seti moja ya sindano inaweza kumeza makuta ya likelemba ya miezi mingi. Ununue filtre nzuri na kitenga-maji, ao uchague moteri ya zamani na ukubali kupanda mulima pole. Mimi kwa karyere ya udongo ningechagua ya zamani.

Ukienda kuiona, usiende peke yako na usiende kisha mvua, maana kila kitu kinangaa. Lala chini, uangalie nyuma ya shasi, pale kroshe imefungwa. Alama ya kusude upya, rangi mpya pahali pamoja tu, ao mustari mwembamba wa kutu kama unywele, vyote vinasema ile motokari imekwisha kuvuta kupita nguvu zake. Fungua mafuta ya ponti ya nyuma: yakiwa na unga wa chuma unaongaa, funga, sema asante, rudi nyumbani. Weka motokari kwenye mulima kidogo, vitese ya tatu, freni ya mukono imefungwa, achia ambreyaje pole. Moteri ikizimika, ambreyaje inashika. Ikiendelea kuzunguka bila haya, umejua. Radiyatere itazamwe pia, kwa maana kuvuta ni joto, na bwate otomatike hasa inakufa kwa joto.

Halafu kuna jibu ambalo halipendwi. Kama mizigo yenu inapita tani mbili na nusu kila mara, pick-up haiko chombo chenu. Kodisheni Canter ao kamyo ndogo mara mbili kwa mwezi, muweke mizigo ndani badala ya kuivuta. Andikeni kwenye kitabu, mwaka mzima: bei ya kukodisha upande huu, na upande mwingine bei ya pick-up, mipira, mazutu, garage, rulaje na karatasi zake zote. Ekipe inayoenda karyere mara mbili tu kwa mwezi, mara nyingi kitabu kitawaambia wasinunue. Ile inayohama kila juma, kitabu kitasema kingine.

Motokari ikizama

Kuna kuvuta kwingine ambako hakuna hesabu ya kibati: mvua za mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, pick-up imezama matopeni mpaka ponti, na inayokuja kuisaidia. Matope yanashika kama mudomo. Motokari ya tani tatu iliyozama inaweza kudai nguvu inayopita uzito wake. Kwa hiyo mbele ya kamba, beleshi. Chimba mbele ya mipira, toa matope chini ya ponti, weka mawe na matawi, shusha mizigo na watu. Kazi ya nusu saa ya beleshi inaweza kuokoa kamba, kroshe, na mutu.

Usifunge kamba kwenye bule, hata mara moja. Bule imetengenezwa kwa kuvuta pole pole, haikutengenezwa kwa kushituliwa. Ikikatika chini ya kamba iliyokaza, inaruka kama risasi, inapita kioo na inapita mutu. Watu wamekufa hivyo katika inchi mbalimbali. Funga kwenye pete ya shasi, kwa manili ya chuma iliyoandikwa uzito wake. Kable ya chuma nayo ikikatika inapiga mijeledi. Tupa blanketi nzito ao koti zilizolowana katikati ya kable ili ziangushe ncha zake chini. Shofere wawili ndani ya motokari, mutu mumoja tu wa kuonyesha kwa mikono, na wengine wote wakae mbali kupita urefu wa kamba yenyewe. Watoto wanapenda sana kuangalia kazi hii, na wanakaribia kidogo kidogo bila mutu kuona. Pawe na mama ao kijana mukubwa mwenye kazi moja tu, kuwarudisha nyuma.

Kisha kazi, pitisha kable mukononi ukiwa na gan. Ukikuta nyuzi zake zimekatika, usiirudishe nyuma ya pick-up "kwa siku moja". Ikate vipande, vipande viende kufunga nguzo za lupango.